Mtoto anapouliza kama roketi hufika mbinguni

"Mama, roketi ikienda juu sana, si itafika kwa Mungu?"

Swali kama hilo humkuta mzazi akisonga ugali, na jibu la haraka huwa moja: "Acha kukufuru, kafanye kazi ya shule." Mtoto hunyamaza, lakini swali halijaisha. Amejifunza tu kwamba nyumbani haliulizwi. Akikua na kusoma sayansi, anaweza kudhani lazima achague kimoja: darasa au kanisa.

Historia inaonyesha si lazima. Mkesha wa Krismasi mwaka 1968, wanaanga watatu wa Marekani waliokuwa wakiuzunguka Mwezi kwa chombo cha Apollo 8 walisoma aya 10 za kwanza za kitabu cha Mwanzo, na mamilioni wakawasikia. Mwaka uliofuata Buzz Aldrin, mzee wa kanisa la Presbiteri, alishiriki Meza ya Bwana ndani ya chombo kilichotua mwezini, kabla ya kutoka nje.

Yupo pia Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mawazo yake ndiyo yaliyozaa nadharia ya Mlipuko Mkuu. Hata hivyo hakutaka nadharia hiyo itumiwe kuthibitisha imani. Hesabu aliipa nafasi yake, na sala nafasi yake.

Kanisa nalo limewahi kukosea. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa kwa kutetea kwamba Dunia hulizunguka Jua. Ilipofika 1992, Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa hilo. Leo Vatican ina kituo chake cha kuchunguza nyota, na miongoni mwa wanasayansi wake wamo mapadre.

Basi mzazi ajibu nini? Aanze na lugha. Kiswahili huita mbingu kile tunachokiona juu yetu, na pia makao ya Mungu. Roketi huenda anga za juu; makao ya Mungu hayapimwi kwa kilomita. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, na waliofika huko walirudi na mawe na vumbi. Vitu vya namna hiyo ndivyo sayansi inavyovipima.

Asipojua, aseme: "Sijui, mwanangu, tutafute pamoja." Umeme ukikatika usiku, watoke uani watazame nyota. Mtoto aliyesikilizwa leo atarudi kwa mzazi wake kesho, atakapokuwa na swali gumu zaidi ya hilo.