Samaki katika biro

Makarani wengine huweka samaki wadogo katika biro, ndani ya chombo cha kioo. Wengi hutumia mashini ya umeme ya kutia hewa majini. Pasipo umeme je? Samaki huishi vilevile.

Samaki hupumua hewa iliyomo ndani ya maji. Hewa hiyo ikiisha, hufa.

Mwaka wa 1850, kule London, mjuzi wa kemia Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili pamoja na majani yaotayo majini. Majani yakipata nuru hutoa hewa njema, na samaki huivuta. Lakini majani mengine yalizeeka, yakaoza, yakachafua maji. Warington akatia konokono wa majini. Wakala uozo ule, maji yakatakata. Huku Kongo mtu asiingie mtoni kutafuta konokono, maana wengine hueneza kichocho. Aondoe majani mabovu kwa mkono.

Chombo kiwe kipana, maji yapate kugusana na hewa. Chakula kiwe kidogo sana, makombo huoza. Usiku majani nayo huvuta hewa ile ile. Asubuhi karani akikuta samaki wametoa midomo juu wakitweta, basi ni wengi mno.