Kivu: Kwa kipande cha ubao na waya, mtoto anajifunza umeme nyumbani

Mtoto anaweza kuchora mzunguko wa umeme katika daftari mwaka mzima bila kuugusa hata siku moja. Mchezo mmoja wa mezani, wa kutengeneza na mabaki, unaweza kubadilisha hali hiyo.

Juu ya kipande cha ubao unasimamishwa waya mgumu wa shaba usio na plastiki, uliokunjwa kama barabara ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Mwisho wake unaungwa kwenye ampuli ndogo ya tochi, na ampuli kwenye mawe mawili ya volti 1,5. Kutoka upande wa pili wa mawe, waya laini unafika kwenye pete iliyovishwa katika ule mgumu.

Mchezaji anapitisha pete hadi mwisho bila kugusa. Ikigusa, mzunguko unakamilika, ampuli inawaka: umeshindwa, mpe mwenzako.

Isipowaka? Mtoto atafute mwenyewe wapi umeme umekatika. Somo lipo hapo.

Wazazi wawe macho: volti 3 hazirushi mtu, lakini mchezo huu usiungwe kamwe kwenye umeme wa nyumba. Na waya utoke kwenye mabaki, si kwenye kebo za mtaa.