Mbuzi wa Ukambani, Ngamia wa Garissa

Wajukuu, leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwasimulia habari za dada mmoja Mkamba aliyezaliwa Soweto East, hapa hapa Kibera, akaolewa na kijana Msomali wa Eastleigh, Isili tunavyoiita. Jina lake silitaji, kwa sababu wako wengi waliopita njia hiyo, nami nimeyakusanya ya huyu na ya yule nikayafunga kwenye kanga moja.

Soweto East mnaijua. Ndicho kijiji cha Kibera ambako serikali ilianzia mpango wake wa kuboresha makazi. Mwaka 2009 baadhi ya wakazi wakahamishiwa maghorofa ya Lang'ata, na baadaye yakajengwa maghorofa mengine pale walipotoka. Dada yetu alikulia kwenye nyumba ya mabati, mlango wa kushoto Mluo, wa kulia Mluhya, na maji ya kununua kwa mtungi.

Sasa, mtu akikwambia kuoana nje ya kabila ni mambo yaliyoletwa na simu, mpeleke Makina, kijiji cha Wanubi hapa Kibera. Wanubi waliotangulia kukaa Kibera walikuwa askari wa Sudan katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Walipewa ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakati bado ni msitu, na wengi wao wakaoa wanawake wa huku. Wajukuu wao ni hao mnaosoma nao.

Dada yetu alikuwa anauza madera. Alipanda matatu hadi mjini, kisha namba 6 au namba 9 hadi Isili, akanunua kwa bei ya jumla na kurudi kuuza Kibera. Kwenye duka moja kulikuwa na kijana aliyekuwa akimpunguzia bei bila kuombwa. Ya mapenzi sitasema mengi. Nyinyi bado wadogo, na mimi nimezeeka.

Nitasema ya posa, kwa maana huko ndiko kwenye utamu.

Wajomba wa dada walitoka Makueni, Ukambani, na makoti yao, wakakaa kwenye zulia la sebule ya Isili, wakaletewa chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, na halwa. Mzee wa Kikamba akafungua mazungumzo kwa mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipotolewa, mwanamke hahesabiki kuwa ameolewa, hata akiwa na wajukuu. Mzee wa Kisomali akasikiliza hadi mwisho, akapangusa ndevu, akasema kwao Garissa binti huposwa kwa ngamia, mbuzi ni wa kumchinjia mgeni. Watu wakacheka. Kufika hapo wakagundua kwamba wote ni wana wa wafugaji, na wafugaji wakishaanza kuzungumzia mifugo hawaoni jua likizama. Mbuzi walitolewa. Ngamia hakuna aliyemwona, ila alihesabiwa kwa shilingi.

Sikilizeni tofauti moja. Kuna mali inayokwenda kwa ukoo wa bibi harusi, Wasomali huiita yarad. Mahari yenyewe, ile ya ndoa ya Kiislamu, ni ya bibi harusi mwenyewe. Si ya baba, si ya mjomba wa Makueni. Mjomba aliuliza mara kadhaa mahari ni ya nani, nadhani akitumaini jibu litabadilika.

Kulikuwa na jambo zito pia. Dada alikuwa ameamua kusilimu. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa Mkristo, kwa hiyo hakulazimika. Aliamua mwenyewe, baada ya muda mrefu wa kuuliza na kusoma, na mimi simwamini sana anayesilimu Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Lakini baba yake alikuwa Mkristo wa kanisa la Africa Inland, na katika Uislamu baba asiye Mwislamu hawi walii, yaani msimamizi wa ndoa, wa binti aliyesilimu. Kadhi ndiye aliyesimama. Baba mtu alikaa kwenye kiti cha mbele, kofia mapajani, akamsikiliza mtu mwingine akimwozesha binti yake. Hakuna aliyemkosea, na bado iliuma. Shemeji mmoja wa Kisomali aliliona hilo, na tangu siku hiyo kila sikukuu humpigia mzee simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, dada alikuwa ametimiza miaka 18, hata kabla Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haijamkataza aliye chini ya hapo kuolewa, awe wa dini gani. Kadhi alimuuliza ridhaa yake, naye akajibu kwa mdomo wake.

Usiku ule ukumbi ulikuwa wa wanawake. Wasomali wana ushairi wa wanawake uitwao buraanbur. Mmoja hutunga na kughani, wengine hupiga ngoma na makofi, mmoja huingia katikati akacheza na kitambaa chake. Ndani ya mashairi hayo husifiwa ukoo: mababu, ukarimu wao, mifugo yao. Hapo dada akaingiwa na woga. Nani angemsifia babu wa Makueni katika Kisomali? Malenga mama akamwita pembeni, akamuuliza majina ya baba zake, ukoo, na mlima ulio karibu na kwao. Baada ya nusu saa Wakamba wa Soweto East waliokuja na matatu ya kukodi walisikia jina la babu yao likighaniwa kwa ngoma. Hawakuelewa neno jingine hata moja. Walipiga vigelegele hadi ukumbi ukatetemeka.

Siku ya saba kukafanyika shaash saar. Wanawake humfunga bibi harusi kitambaa cha kichwa cha mwanamke aliyeolewa, chetezo kikifuka ubani wa uunsi, na kila aliye na neno la kumwambia humwambia. Mengi aliyoambiwa yalihusu jikoni.

Jikoni ndiko alikopata taabu. Kila asubuhi nyumba ile ilikula anjera. Uji wa unga hulazwa usiku kucha uchachuke, asubuhi unamiminwa kwenye kikaango kuanzia katikati, mkono ukizunguka kwenda nje, kisha unafunikwa. Haugeuzwi. Upande wa juu hutoboka vitundu vidogo vidogo, na vitundu vikikosekana mama mkwe hasemi kitu, anakula tu huku akitazama dirishani. Dada, aliyezoea chapati, aligeuza anjera yake ya kwanza. Siku hizo habari zilifika Garissa haraka kuliko basi. Alizoea pia ndizi mbivu kuliwa pamoja na wali, nyirinyiri ya nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye mafuta, na maziwa ya ngamia ambayo akina mama wa Isiolo huyatuma Nairobi kwa basi. Naye akawafundisha muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Mama mkwe aliukataa mara ya kwanza, siku nyingine akaulizia kama umebaki.

Alipojifungua, alikaa ndani siku arobaini kama desturi ilivyo. Mama yake akawa anatoka Soweto East na chupa ya uji, mama mkwe akiwa na supu, wakishindana kumlisha. Ndipo likaja suala la jina.

Kwa Wakamba mtoto hurithi jina la babu au bibi. Kwa Wasomali mtoto hupewa lake, kisha la baba, kisha la babu mzaa baba, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Hata mke habadilishi jina lake akiolewa. Dada yetu bado anaitwa kwa jina la baba yake, jambo lililomfurahisha mzee kuliko mbuzi wote. Lakini katika mnyororo ule wa majina, babu mzaa mama hana nafasi. Wakabishana wiki nzima. Kilichowaokoa ni kwamba Wasomali wanapenda majina ya utani kupita kiasi, karibu kila mtu analo. Basi mtoto akaandikwa kwa majina ya baba zake, na nyumbani akaitwa Mutua kama babu wa Makueni. Leo hata wavulana wa Isili humwita Mutua.

Msidhani mambo huwa hivi kila mara. Ziko nyumba zilizofunga mlango. Na kwa binti wa Kisomali anayetaka kuolewa na mtu wa kabila jingine mlango ni mgumu zaidi, kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa baba, na wazee huona uzao wao umepotea. Mimi naona si haki, kijana wa kiume asamehewe kwa kile kile anachotengwa nacho dada yake. Na huku kwetu hatuna la kujivunia. Tumewaita Wasomali majina mabaya, tumewaita wageni hata wale ambao babu zao walikuwa Nairobi kabla ya babu zetu, wakati sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wasomali zaidi ya milioni 2.7 nchini.

Aprili 2014 polisi walifanya msako mkubwa Isili. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mama mzazi wa dada yetu, ambaye hapo awali aligoma kuhudhuria posa, ndiye aliyepiga simu usiku. Akasema: "Njooni wote mlale kwangu. Mabati hayajajaa." Mama mkwe akalala Soweto East siku kadhaa, kitanda kimoja na mama mzazi wa dada, mmoja akisali kwa tasbihi na mwingine kwa Biblia. Tangu hapo hawajahitaji mshenga.

Mutua sasa anajua abtirsi, yaani kutaja mababu zake mmoja baada ya mwingine. Watoto wa Kisomali hufundishwa wangali wadogo, na yeye hufika kumi na kitu bila kuvuta pumzi. Alipoimaliza mbele ya babu wa Makueni, mzee akakohoa, akaanza za kwake: baba yake, babu yake, na mbai yao, yaani ukoo kwa Kikamba. Alikwama kwenye jina la tano, akaahidi kuuliza kijijini. Aliuliza kweli, na Mutua ameziandika orodha zote mbili kwenye daftari moja la shule.

Haya, nanyi kila mmoja anitajie mababu zake. Anayekwama kwenye jina la tatu, akamuulize babu au bibi yake jioni hii, angali yupo wa kuulizwa.