Mnara wa Kilimani na Simu ya Sikioni

Penye milima kama Bulwa, kwenye chai ya Usambara Mashariki, mawimbi ya simu hukatwa na kila mgongo wa kilima. Aliye juu huongea vizuri, wa bondeni huhangaika na baa moja ya mtandao. Hofu ya mionzi inapozuka vijijini, kidole huelekezwa mnarani. Mimi huanzia kwenye simu.

Simu hurekebisha yenyewe nguvu ya mawimbi yake. Ikiupata mnara vizuri hunong'ona. Ikiupata kwa shida hupaza sauti. Simu ya 2G kwenye megahezi 900 yaweza kufikia wati 2 kila inaporusha mawimbi, nayo imegusa sikio. Mnara una nguvu zaidi, lakini mawimbi yake hutawanyika: umbali ukiongezeka maradufu, kinachokufikia hushuka hadi robo. Kijiji kikiukataa mnara, simu zake ndizo zitakazopaza sauti, tena kichwani. Kwa hiyo baa ikiwa moja, weka spika au tuma ujumbe.

Mionzi hii ya simu na minara haiayonishi, yaani haina nguvu ya kung'oa elektroni za atomi kama eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto, na kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo ya mwili, nacho kimewekwa chini sana ya kiwango cha madhara hayo. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliiweka mionzi hii kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mapitio yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka 2024, hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo.

Nchini kwetu ulinzi una mikono miwili. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huidhinisha simu, na Juni 2016 ilizizima zile bandia. Hasara iliwauma wengi, nami nawaelewa; lakini simu bandia haina aliyethibitisha inachokirusha sikioni. Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 2003, hupima mionzi ya minara.

Vipimo hivyo nataka vibandikwe ofisi ya kijiji: tarehe, mahali kifaa kiliposimamishwa, namba iliyosomwa, na kikomo kando yake. Kwa megahezi 900, kikomo cha ICNIRP kwa raia ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Mchuma chai wa Bulwa atalinganisha namba mbili mwenyewe, mradi zote mbili azione.