Mchezo Unaouliza Swali

Mwaka 2012, wanafunzi wa madarasa ya juu katika Shule ya Amaf, mtaani Kawangware jijini Nairobi, walianza kujiandaa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa kutumia vishikwambi. Maudhui yalitoka eLimu, kampuni changa ya Nairobi iliyoanzishwa na Nivi Mukherjee. Kampuni hiyo iliuchukua mtaala wa Kenya ikautia picha zinazosonga, video, michezo na maswali yanayosahihishwa papo hapo. Mtoto aliyekuwa amezoea kuukariri mzunguko wa damu kutoka kitabu kilichochakaa sasa aliuona moyo ukidunda, kisha akaulizwa damu inaelekea wapi.

Walimu waliona alama za sayansi zikipanda. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK, nayo ya Nairobi, ikazindua Kio Kit: sanduku gumu lisilopitisha maji, lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa humo humo ndani. Masomo yake yalihifadhiwa katika kifaa kimoja ndani ya sanduku, hivyo darasa liliweza kuendelea hata mtandao ulipokatika.

Watoto walivipenda vifaa hivyo, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini mtoto anaweza kukipenda kishikwambi na bado asijifunze chochote. Basi ni kitu gani hasa ndani ya mchezo kinachofundisha?

Jibu moja lilipatikana mwaka 2006 katika maabara ya saikolojia nchini Marekani. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za sayansi wazisome. Baadhi wakaisoma habari yao mara ya pili. Wengine wakaifunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81, na wenzao asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na waliojipima kwa kuandika walibaki na asilimia 56.

Kusoma tena humpa mtu hisia kwamba anajua. Kulitafuta jibu kichwani, hata kwa kubabaika, ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Chemshabongo nzuri humfanyisha mtoto kazi hiyo mara nyingi ndani ya dakika chache bila yeye kuhisi kwamba yuko kwenye mtihani. Akikosea anaambiwa hapo hapo, kabla kosa halijaota mizizi.

Jibu la pili linahusu hamu. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake walichunguza seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali ya dopamini. Seli hizo zilichangamka zawadi ilipokuja bila kutarajiwa, lakini zilitulia pale ambapo nyani alikwisha kujua kwamba zawadi inakuja. Utafiti huo haukufanyika darasani, ila unasaidia kueleza jambo ambalo kila mwalimu amewahi kuliona: swali rahisi mno humchosha mwanafunzi, na lile gumu mno humkatisha tamaa. Mchezo wenye ngazi hujaribu kumweka mtoto kati ya hayo mawili.

Yote haya hayahitaji kioo cha rangi. Mwaka 2012 pia, mwalimu Mmarekani Toni Maraviglia na mtaalamu wa programu Mkenya Kago Kagichiri walianzisha Eneza Education, huduma iliyotegemea simu iliyokuwamo karibu katika kila nyumba: kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo janja. Mwanafunzi alipokea somo fupi kwa ujumbe wa maandishi, kisha maswali ya kuchagua jibu. Alipokosa, ujumbe uliofuata ulimweleza kwa nini. Alipokwama, aliweza kumwandikia mwalimu swali lake. Kwa ushirikiano na Safaricom, huduma hiyo ilijulikana kama Shupavu 291, na mtu aliingia kwa kubonyeza *291#. Serikali ilipofunga shule mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Kwa familia zisizo na runinga wala simu janja, ujumbe mfupi ulikuwa miongoni mwa njia chache zilizobaki. Shule zote hazikurejea kikamilifu hadi Januari 2021.

Kwa shule inayotaka zaidi ya maandishi, kikwazo cha kwanza ni bando. Video moja ya somo inaweza kumaliza data ambayo mzazi angeitumia kwa siku kadhaa. Taasisi ya Tunapanda, iliyoko mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ililikabili tatizo hilo kwa kujenga mtandao wa jamii unaoitwa TunapandaNET. Antena juu ya mapaa huunganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio. Masomo yakishawekwa kwenye seva iliyoko mtaani, mwanafunzi huyafungua bila kununua data, kwa kuwa hayasafiri kwenda nje ya Kibera na kurudi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliitengenezea mitandao ya jamii ya aina hii utaratibu wake wa leseni.

Programu za kujaza seva kama hiyo zipo, tena bila malipo. Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, hukusanya video, mazoezi na vitabu, kisha huvisambaza kwenye kompyuta zilizo jirani bila intaneti. Imetumika hata katika shule za wakimbizi za Kakuma, kaskazini mwa Kenya. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mshindi wa Tuzo ya Nobel Carl Wieman, ina majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini. Katika jaribio la umeme, mwanafunzi huunganisha betri, waya na taa. Akiziunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto huwaka kwenye skrini. Somo hilo lina uzito wake mtaani ambako nyaya zilizounganishwa kienyeji hupita juu ya mabati, na ambako shule nyingi hazina maabara.

Kuna pia mbinu isiyohitaji mwanafunzi kugusa kifaa chochote. Mchezo wa Kahoot, uliotoka Norway, humtaka kila mtoto au kila kikundi kiwe na simu au kompyuta, na darasa liwe na skrini kubwa. Mchezo wa Plickers, kwa upande wake, hutumia karatasi. Kila mwanafunzi hupewa kadi yenye mchoro mweusi wa miraba, na huizungusha kulingana na jibu analochagua: A, B, C au D. Mwalimu hupitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, na simu huonyesha nani amepata na nani amekosa. Seti kubwa ina kadi 63. Mtoto mwenye haya, ambaye hanyooshi mkono kamwe, hapo hulazimika kujibu kama wenzake. Mwalimu naye hugundua papo hapo kwamba nusu ya darasa haijalielewa somo, kabla hajasonga mbele.

Mwalimu huyo ndiye mara nyingi husahaulika vifaa vinaponunuliwa. Nchini Peru, serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa vijijini. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika shule 319: kompyuta zilikuwepo na zilitumika, lakini alama za hisabati na lugha hazikubadilika.

Karibu zaidi na nyumbani, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu katika shule za Kisumu. Kundi moja lilipewa vishikwambi vya walimu, la pili vifaa vya kusomea vya wanafunzi, na la tatu vishikwambi vya maofisa wanaozuru shule kuwashauri walimu. Makundi yote yalinufaika kwa ufundishaji bora wa kusoma, lakini hakuna lililoyashinda mengine kwa tofauti ya maana. Kwa kuwa ofisa mmoja huhudumia shule nyingi, kumpa yeye kifaa kuligharimu kidogo mno kuliko kumpa kila mtoto. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2016, mwaka ule ule serikali ya Kenya ilipoanza kusambaza vifaa katika madarasa ya kwanza ya shule za umma.

Upande wa pili, mjini Delhi, India, programu ya Mindspark iliinua alama za hisabati na Kihindi katika muda wa miezi minne na nusu. Siri yake ilikuwa kumpima kila mtoto na kumpa maswali ya kiwango chake hasa, hata kama yuko madarasa mawili nyuma ya mtaala.

Afrika Mashariki ina jaribio lake kubwa pia. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, vishikwambi vyenye programu za kujifunzia vilipelekwa katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, kwa watoto karibu 3,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Walitumia programu hizo kwa miezi 15, bila mwalimu. Idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019, timu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi, kila moja ikapata dola milioni 5. Ni mafanikio makubwa, lakini nusu nyingine ya hao walikuwa bado hawawezi kusoma neno, na mchezo peke yake haukutosha kuwavusha.

Kibera ina hesabu yake ya pekee. Baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na James Tooley walihesabu ndani ya mtaa huo shule 76 za watu binafsi, makanisa na jamii, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Shule za serikali zilizoko pembezoni zilikuwa tano tu. Mpango wa vifaa vya kidijitali wa mwaka 2016 ulilenga shule za umma, hivyo shule nyingi za mabati za Kibera hazikuwemo kwenye orodha. Wakati huo huo mtaala wa umilisi wa Kenya umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao kila mtoto anatakiwa kuupata, awe anasomea shule ya umma au ya mtaani.

Hata hivyo, msimbo wa programu zilizofika fainali ya XPRIZE kule Tanga uliwekwa wazi, na matoleo yake ya Kiswahili hayauzwi. Shule ya Kibera au Kawangware yenye vishikwambi vichache inaweza kuzitumia bila ada. Gharama inayobaki ni umeme wa kuchaji, kabati lenye kufuli imara, na saa za mwalimu za kuyapitia maswali ya mchezo na kuyapanga yaendane na somo la wiki hiyo.