Siri ya tunda la muratina: Jinsi chachu inavyokuzwa kabla ya pombe kutengenezwa

WAZEE wa jamii ya Wakikuyu wanapoandaa muratina ya kupeleka kwenye sherehe ya mahari, kazi haianzi siku ile asali inapochanganywa na maji. Huanza mapema zaidi, wakati tunda kavu la mti wa mwegea, lenye nyuzinyuzi tele na umbo la soseji nene, linapotiwa katika maji kidogo ya miwa na kuwekwa karibu na meko.

Asiyejua huenda akadhani kwamba tunda hilo huongezwa kwa ajili ya ladha. La hasha. Kinachoandaliwa hapo ni chachu, na bila chachu iliyo hai na yenye nguvu, asali yote itakayotiwa mtungini inaweza kugeuka siki.

Chachu ni kuvu wa seli moja, mdogo kiasi kwamba kati ya seli 100 na 200 zinaweza kupangwa katika urefu wa milimita moja. Hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya kaboni, ile inayofanya povu. Hamira inayoumua mkate na mandazi ni jamaa wa karibu wa chachu ya pombe. Kwa hakika wanasayansi huziweka katika spishi moja. Tofauti ni kwamba hamira imechaguliwa ili itoe hewa kwa haraka, na ndiyo sababu pombe iliyochachushwa kwayo huwa na harufu ya mkate na hukawia kutulia.

Kwa nini basi chachu isimwagwe tu ndani ya mtungi na kuachwa ifanye kazi? Maji yenye sukari ni karamu, na wageni wasioalikwa ni wengi. Bakteria wanaotengeneza siki, wengine wanaoleta uchachu wa maziwa lala, na kuvu wa mwituni, wote wanaelea hewani au wamejificha kwenye nyufa za kibuyu. Chachu inapotiwa ikiwa chache na dhaifu, huchukua muda mrefu kuzaana, na katika saa hizo wageni hao hujishibisha. Inapoingia ikiwa tele, huimaliza sukari upesi, huongeza ukali wa kileo na kuwafungia wengine mlango. Ni mashindano ya saa chache za kwanza tu, lakini ndiyo yanayoamua iwapo mtungi utanyweka au utamwagwa.

Wakikuyu walilitatua tatizo hili zamani, kabla ya darubini kufika nchini. Tunda la mwegea, ambalo likiwa bichi halifai kuliwa kwa kuwa lina sumu, hukatwa vipande viwili, likaanikwa juani, likachemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha likaanikwa tena. Baada ya hapo hutiwa katika maji kidogo ya miwa na kuwekwa mahali penye joto kwa muda wa saa 24. Maji hayo hutolewa, na tunda huanikwa kwa mara nyingine. Sasa ndipo liko tayari kutiwa katika pipa au kibuyu kikubwa, ambamo pombe huchacha kwa siku moja hadi nne.

Ukilitazama kwa makini, utaratibu huu una hekima kubwa. Kuchemsha huondoa uchungu na kuua vijidudu vingi. Maji kidogo ya miwa huipa chachu chakula cha kutosha kuzaana bila kuilemea. Nyuzinyuzi nazo ni nyumba: seli za chachu hujibanza humo, zikakauka bila kufa zote, na kuamka tena zikiloweshwa. Wakamba, ambao pombe yao ya asali huitwa kaluvu, nao hutumia tunda la mti uo huo.

Kule ng'ambo, watu wanaojitengenezea bia nyumbani hufanya jambo lilo hilo kwa vyombo vya kioo. Nchini Marekani, ambako sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mnamo 1978, mtengenezaji mwangalifu huchukua lita moja ya maji, akakoroga ndani yake gramu 100 hivi za unga wa sharubati ya kimea, akachemsha kwa dakika 10 hadi 15, akapoza mpaka joto likawa la kawaida la chumbani, ndipo akatia chachu. Chombo hufunikwa kwa wepesi na kutikiswa mara kwa mara kwa siku moja au mbili.

Sababu yake ni hesabu. Lita 20 za bia ya kawaida huhitaji takriban seli bilioni 200. Pakiti ya chachu ya majimaji kwa desturi ilikuwa na bilioni 100 hivi ikiwa mpya, na idadi hiyo hupungua kila mwezi inapokaa kwenye jokofu. Katika mazingira mazuri seli huweza kuongezeka maradufu katika muda wa saa mbili hivi, kwa hiyo siku moja ya subira huziba pengo lote. Chachu kavu ya pakiti, kwa upande wake, haihitaji kukuzwa hivyo. Maji safi ya vuguvugu huitosha.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyakosea. La kwanza ni hewa. Chachu inayokuzwa inahitaji hewa ili ijenge ngozi za seli mpya, na ndiyo maana chombo chake hutikiswa. Lakini pombe yenyewe ikishaanza kuchacha, hewa ni adui, kwani bakteria wa siki hawawezi kufanya kazi bila hiyo. Hata hivyo, chombo kisikazwe kifuniko, maana hewa ya kaboni ikikosa pa kutokea hupasua chupa na kujeruhi watu.

La pili ni chakula. Sukari nyeupe pekee haiwezi kulea chachu yenye afya, kama vile mtoto asivyoweza kulelewa kwa chai tupu. Kimea kina naitrojeni na madini ambayo chachu inahitaji ili ikue. Asali ina sukari nyingi lakini virutubishi hivyo ni haba mno, na hii ndiyo sababu pombe ya asali huchacha polepole kuliko ya nafaka. Anayetumia asali, basi, ndiye anayehitaji zaidi chachu iliyokuzwa vyema mapema.

Joto nalo lina mipaka. Maji yanayochoma kidole huua chachu, na baridi ya usiku wa Limuru huilaza usingizi. Kibuyu kuwekwa kando ya meko si mapambo.

Magharibi mwa nchi, busaa hufuata njia nyingine. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchache, ukakaangwa kwenye bati, kisha makombo yake yakachanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi. Kimea kina kazi mbili kwa mpigo: hugeuza wanga kuwa sukari, na hubeba chachu pamoja na bakteria wa uchachu. Mpishi wa busaa akitumia kimea kilichoota ukungu, hakuna moto wala maji ya kuiokoa pombe yake. Pwani, mgema hana haja ya tunda wala kimea, kwani utomvu wa mnazi huanza kuchacha saa chache tu baada ya kugemwa, ukichochewa na chachu za hewani na masazo ya jana ndani ya kibuyu.

Njia zote hizi zinadai muda, na hapo ndipo balaa huingia. Chachu haiwezi kuharakishwa kupita kiasi, wala haiwezi kutengeneza kileo kikali inavyotakiwa na mfanyabiashara mwenye tamaa. Kileo kinapofikia karibu asilimia 15, chachu nyingi huwa zimelemewa na zao lao lenyewe. Kwa hiyo kinywaji kinachoitwa muratina au busaa, kisha kikamwangusha mtu mzima kwa bilauri moja, hakikupata nguvu zake kwa chachu.

Historia ya Kenya imeandika matokeo yake kwa machozi. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mnamo Mei 2014 makumi ya wengine walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu. Februari 2024 maafa yakabisha hodi Kirinyaga.

Methanoli hutumiwa viwandani katika utengenezaji wa rangi na plastiki. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, na dalili huweza kuchelewa hadi siku nzima. Anayeona ukungu au giza baada ya kunywa anapaswa kukimbizwa hospitalini bila kungoja. Ni kosa kudai kwamba sumu hiyo hutokana na chachu chafu. Pombe ya asali au ya nafaka iliyochachushwa tu haina methanoli ya kiasi cha kuua. Chachu mbovu huleta siki na maumivu ya tumbo. Vifo vya halaiki huletwa na mkono wa mtu.

Sheria ya vileo ya 2010, inayojulikana na wengi kama Sheria ya Mututho, ilifuta ile ya 1980 iliyoharamisha chang'aa, lakini ikamtaka anayetengeneza pombe ya kuuza awe na leseni na azingatie viwango. Wanaokosa leseni bado ni wengi.

Mtengenezaji anayejali kazi yake huzijua dalili. Chachu nzuri hutoa povu jepesi, hunukia matunda au mkate, na baada ya kutulia huacha mashapo meupe chini ya chombo. Ikinuka siki kali, au ikiota ukungu wa kijani au mweusi, humwagwa yote na chombo huchemshwa. Pombe ikiiva, tunda la muratina hutolewa na kukaushwa, likasubiri sherehe nyingine. Wakulima wa magharibi mwa Norway walifanya vivyo hivyo kwa chachu yao iitwayo kveik: walitumbukiza pete ya mbao katika mashapo ya bia, wakaikausha na kuitundika ukutani hadi msimu uliofuata.