Vitambaa vya Kale vya Usambara: Mali bila Daftari

Katika mji wa Lushoto na vijiji vinavyouzunguka, ndani ya masanduku ya nyumba kongwe, bado vinapatikana vitambaa vya meza vya kitani, foronya zilizodariziwa na lesi zilizofumwa kwa mkono. Wapo wanaovitafuta ili kuvikusanya, na kazi hiyo si ya kubezwa. Lakini twaona kwamba haina budi kufanywa kwa utaratibu, kwani wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Vitambaa hivyo vina historia. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na Lushoto yenyewe ikaitwa Wilhelmstal. Reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mizigo ya walowezi ilipata njia nyepesi ya kupandia milimani. Katika shule za misheni wasichana walifundishwa kushona na kudarizi. Kisha Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na vita vya 1939 vikawatia Wajerumani kizuizini. Nyumba zikabadili wenyewe, na vilivyokuwamo vikatawanyika.

Hata hivyo, si kila kitambaa kikuukuu kinachouzwa Lushoto ni cha enzi hiyo. Tangu masharti ya biashara yalegezwe katika miaka ya 1980, marobota ya mitumba yameleta mashuka na vitambaa vya meza kutoka Ulaya. Baadhi ni vya zamani kweli, lakini havikupata kutandikwa katika nyumba yoyote ya Usambara.

Basi mnunuzi na atazame kwa makini. Kitani ni baridi mkononi, nyuzi zake zina vinundu hapa na pale, na hunywa tone la maji upesi. Lesi ya mashine imekuwapo tangu mwanzo wa karne ya 19, kwa hiyo ukongwe pekee si ushahidi wa kazi ya mkono. Katika lesi ya mashine kosa moja hujirudia kwa masafa yaleyale. Katika kazi ya mkono hakuna maua mawili yanayolingana kabisa. Pembeni mwa kitani cha Kijerumani huenda zikaonekana herufi mbili na tarakimu, zilizoshonwa kwa uzi mwekundu: ni alama ya jina la mwenyewe na hesabu ya vitambaa vyake, maana bibi arusi wa huko aliingia nyumbani kwake na shehena iliyohesabiwa.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba asidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Kofia za kudarizi na foronya za arusi zilizomo masandukuni mwa bibi zetu zakabiliwa na hatari ileile: mwenyewe akifariki, mshonaji hajulikani tena, na kazi ya miezi hugeuka tambara la kufutia vumbi.

Kuhifadhi hakuhitaji fedha nyingi. Kitambaa kisiwekwe na wanga, kwani wanga huwaita wadudu. Kisitiwe dawa kali ya kuondoa madoa, wala kisichomwe pini inayoshika kutu. Kifungwe katika bafta safi, si mfuko wa plastiki, na mikunjo yake ibadilishwe mara kwa mara ili nyuzi zisikatike mahali pamoja.

Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalia ya kale. Kitambaa kilichoshonwa Mlalo mwaka 1910 hakimo ndani ya mpaka huo. Hatusemi kila foronya iwe mali ya umma. Twasema kwamba maofisa utamaduni, bara na visiwani, wanaweza kufungua daftari: nani alishona, wapi, mwaka gani, nani alirithi, na kwa njia gani kitambaa kilitoka mikononi mwake. Na mkusanyaji naye, kabla ya kutoa fedha, amwulize mama mwenye sanduku maswali hayohayo, ayaandike majibu, kisha alipe bei ya haki.

Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka. Kitani chaweza kudumu miaka mia moja sandukuni. Kumbukumbu ya aliyekishona haidumu hivyo isipoandikwa.